Simba wa Witu na bendera ya kuazima

Mtu akilitaja jina la Hola mbele ya Wakenya wa rika langu, wengi hukumbuka jambo moja tu. Hukumbuka tarehe 3 Machi 1959, siku ambayo mahabusu 11 wa kambi ya hapa waliuawa kwa kupigwa na walinzi wao, Mwingereza akiwa angali anatawala. Ni haki kuikumbuka siku hiyo. Hata hivyo, miaka niliyokaa darasani nikifundisha historia katika nchi hii ya Mto Tana imenionyesha hatari moja. Tukiyakumbuka ya 1959 peke yake, watoto wetu hudhani kwamba historia ya mto huu ilianza kwa Mwingereza na ikaishia kwake. Kumbe yako mambo yaliyotangulia, na wako watu walioyatenda kwa hiari na kwa akili zao wenyewe.

Mmoja wa watu hao ni Ahmad bin Fumo Luti, mtawala wa Witu, aliyejulikana kote pwani kwa lakabu ya Simba. Ukitoka Hola ukashuka na mto hadi Garsen, kisha ukaifuata barabara ya kwenda Lamu, utapita katika mji wake. Wasafiri wengi huupita wakiwa wamelala garini.

Ninamwandikia Simba leo kwa sababu nina deni. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa sekondari habari za kinyang'anyiro cha Wazungu cha kuigawanya Afrika. Nilipolitaja jina la Witu, kijana mmoja alisimama kwa fahari akasema kwamba babu wa babu yake alikuwa mtumwa aliyetoroka shambani, akapokewa na Simba na kupewa mahali pa kulima. Kwa hiyo Simba ni shujaa. Kabla hajaketi, msichana wa Kipokomo kutoka upande wa delta akainua mkono. Yeye alikuwa amesimuliwa na wazee wake kwamba watu wa Witu walikuwa wakija vijijini kuteka watu, na waliotekwa hawakurudi. Darasa likagawanyika, kelele zikapanda. Nami, badala ya kulibeba suala lile kama mwalimu, nikawaambia kwamba jambo hilo haliulizwi katika mtihani, nikafuta ubao. Nimelijutia jibu lile tangu siku hiyo. Haya nitakayoyasema ndiyo niliyopaswa kuwaambia.

Simba alitoka katika ukoo wa Nabahani, uliotawala Pate kwa karne nyingi. Lakini Pate aliyoikuta haikuwa tena Pate ya sifa. Mwanzoni mwa karne ya 19 jeshi la Pate, likisaidiwa na Wamazrui wa Mombasa, lilishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Watu wa Lamu, wakihofia kisasi, walimwomba Seyyid Said wa Omani awalinde. Kwa njia hiyo mkono wa Mabusaidi ukaingia katika visiwa vile, na ulipokwisha kuingia haukutoka. Wenyeji hawakunyamaza. Siu ilipigana kwa ushujaa mkubwa hata katikati ya miaka ya 1840 jeshi la Seyyid Said likashindwa huko, na amiri wake, Hamad, akauawa. Lakini dola yenye merikebu, fedha na subira huweza kushindwa mara tatu na bado ikarudi mara ya nne.

Seyyid Said alifariki mwaka 1856. Mwanawe Majid, aliyetawala Unguja baada yake, aliendelea na kazi ya kuvitia visiwa hivyo chini ya bendera yake. Simba, aliyekuwa amekalia kiti cha wazee wake Pate, akaona kwamba kisiwa hakina pa kukimbilia. Akavuka kwenda bara. Kwanza alikaa Kau, kwenye Mto Ozi, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1860 akajiimarisha Witu, ndani ya msitu mnene. Hapo palimfaa mtu aliyewindwa. Manowari za Unguja hazikuweza kufika msituni, na njia za kuingia mjini zilikuwa nyembamba, zinazojulikana na wenyeji peke yao.

Mtawala aliyekimbia huhitaji watu kuliko anavyohitaji dhahabu. Simba alikuja na wafuasi wachache wa Kiswahili kutoka visiwani, akawapata wengine miongoni mwa jamii za bara, wakiwemo Waboni, ambao ni wawindaji wa msitu. Lakini wingi wake ulitoka mahali pengine. Mashamba yaliyokuwa bara mkabala na Lamu yalilimwa na watumwa, na walioweza kutoroka walihitaji pa kujificha. Simba aliwafungulia mlango. Mtoro aliyefika Witu hakurudishwa kwa bwana wake. Alilima, alioa, alishika silaha akailinda nchi iliyomficha. Kwa mabwana wa Lamu, Witu ilikuwa shimo lililomeza mali yao. Kwa mtumwa aliyelala kwa siku kadhaa vichakani akisikiliza sauti za waliomfuata, Witu lilikuwa jina la uhai. Kijana wangu wa darasani hakusema uongo.

Lakini na yule msichana pia hakusema uongo. Watu wa Witu waliishi pia kwa uvamizi. Walishambulia mashamba ya wapinzani wao, wakateka watu na kuwauza. Wakulima wa Kipokomo waliokaa kandokando ya mto walikuwa wakivamiwa kutoka pande mbalimbali, na Witu ilikuwa mojawapo ya pande hizo. Hivyo mji uleule uliokuwa kimbilio la mtumwa mmoja ulikuwa mlango wa utumwa wa mwingine. Tusiseme kwamba enzi zile mambo yalikuwa hivyo, tukaishia hapo, kwa maana yule aliyekuwa akifungwa kamba alijua vyema kwamba anadhulumiwa. Wala tusiseme kwamba uovu huu unafuta wema ule. Mambo yote mawili yalitendwa, na mtu mmoja alikuwa na mkono katika yote mawili.

Sasa tuingie katika siasa ya Simba, ambayo ndiyo iliyomfanya ajulikane hadi Ulaya. Adui yake alikuwa Sultani wa Unguja. Kwa macho ya watu wa pwani, dola hiyo ilikuwa kubwa: ilikuwa na askari Lamu, watoza ushuru katika kila bandari, na bendera yake nyekundu ilionekana kuanzia Benadiri hadi kusini. Lakini ndani yake ilikuwa imeanza kuoza. Mwaka 1861 ilitenganishwa na Omani. Mwaka 1873 Sultani Barghash alilazimishwa na Waingereza kutia sahihi mkataba wa kuyafunga masoko ya watumwa, jambo lililoonyesha wazi kwamba neno la mwisho halikuwa lake tena. Simba aliukaa msitu wake akiuona udhaifu huo. Akajiuliza ni nani angeweza kumsaidia kuusukuma ukuta uliokwisha kupata nyufa.

Jibu lake lilikuwa Mjerumani, na alilipata mapema mno. Mwaka 1865 msafiri wa Kijerumani, Karl Klaus von der Decken, aliuawa Bardera kwenye Mto Juba. Mjerumani mwingine, Richard Brenner, akatumwa kutafuta habari zake, na katika safari hizo akafika Witu. Ilikuwa mwaka 1867. Mwaka mmoja kabla yake Prussia ilikuwa imeishinda Austria, dola kongwe ya Ulaya, katika vita vya majuma machache. Simba akamwomba Brenner ampelekee mfalme wa Prussia ombi la ulinzi. Tuyatazame mambo haya vizuri. Mkutano wa Berlin, tunaowafundisha watoto kuwa ndio mwanzo wa yote, ulifunguliwa Novemba 1884. Mtawala wa mji wa msituni karibu na Mto Tana alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya nguvu za Ulaya miaka 17 kabla ya mkutano huo. Hakuwa mtu wa kusubiri kugawanywa. Alikuwa akitafuta mshirika.

Prussia haikujibu. Bismarck wakati huo hakuwa na haja ya makoloni. Simba akangoja karibu miaka 18.

Mwaka 1878 Clemens Denhardt alipanda Mto Tana pamoja na Gustav Fischer, akauona na kuupima kwa macho ya mfanyabiashara. Mwaka 1885 alirudi na ndugu yake Gustav. Ujerumani ya mwaka huo haikuwa tena ile ya Brenner. Ilikuwa dola moja tangu 1871, ina viwanda, ina manowari, na Bismarck alikuwa amebadili nia kuhusu makoloni. Tarehe 8 Aprili 1885 Simba aliwapa ndugu hao sehemu ya ardhi yake kwa mkataba, na tarehe 27 Mei serikali ya Ujerumani ikatangaza kwamba Witu iko chini ya ulinzi wake. Barghash alighadhibika. Kwake yeye Simba alikuwa mwasi, na ardhi aliyoitoa haikuwa yake. Akapeleka askari upande wa Lamu ili kumkabili. Mwezi Agosti manowari za Ujerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake Unguja. Barghash akawageukia Waingereza, waliokuwa wamejifanya walezi wake kwa miaka mingi, nao wakamshauri akubali. Akakubali.

Naamini kwamba siku habari hizo zilipofika Witu palikuwa na furaha. Kwa zaidi ya miaka ishirini Simba alikuwa mkimbizi mbele ya Mabusaidi. Sasa Sultani mwenyewe alikuwa ameinamishwa kichwa kwa ajili yake, bila yeye kutoka msituni. Lau historia ingesimama hapo, tungemwita mwanasiasa hodari kuliko wote wa pwani hii.

Lakini haikusimama. Mwishoni mwa mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mipaka. Sultani aliachiwa kipande cha pwani chenye upana wa maili kumi hadi Kipini, na visiwa pamoja na Lamu. Simba alitambuliwa kuwa na pwani kuanzia Kipini hadi mwisho wa ghuba ya Manda upande wa kaskazini. Eneo la Waingereza likawekewa mpaka wake wa kaskazini kwenye Mto Tana. Hebu fikiri, mpenzi msomaji. Mto ambao Mpokomo hulima kingo zake zote mbili, na ambao Muorma huleta ng'ombe wake kunywa, ulifanywa ukuta na watu ambao hawakuwahi kuyaonja maji yake. Simba alipata pwani, lakini bandari ya Lamu ikabaki kwa adui yake. Rafiki yake mkubwa alikuwa amekwisha kuanza kufanya biashara kwa jina lake.

Simba alifariki karibu na mwanzo wa mwaka 1889, akiwa mzee, akiwa bado anaamini kwamba ana ulinzi. Fumo Bakari akakirithi kiti. Alirithi pia ile imani, na ndiye aliyelipa gharama yake. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zilitia sahihi mkataba mwingine. Ujerumani iliachia Witu na madai yake yote ya kaskazini, ikakubali Uingereza iilinde Unguja, na miongoni mwa vitu ilivyopewa ni Heligoland, kisiwa kidogo cha mawe katika Bahari ya Kaskazini. Witu haikuulizwa. Unguja, ile dola iliyokuwa ikizama, nayo ilipoteza uhuru wake katika karatasi hiyohiyo. Mahasimu wawili walioshindana kwa miaka thelathini waliuzwa siku moja.

Yaliyofuata yalikuwa ya damu. Septemba 1890 Mjerumani mmoja, Andreas Küntzel, aliyekuja na wenzake kuanzisha kazi ya mbao katika msitu wa Witu, aligombana na watu wa mji. Risasi zikalia, Küntzel na wenzake kadhaa wakauawa. Ujerumani ikaitaka Uingereza, mlinzi mpya, itoe adhabu. Mwezi Oktoba Admeri Fremantle akateremsha mabaharia na askari wake, wakapenya msituni. Tarehe 27 Oktoba wakauingia mji, wakauteketeza. Fumo Bakari alikimbilia Jongeni, na mwezi Januari 1891 akafa. Kampuni ya Kiingereza ilipewa Witu mwaka huo ikashindwa kuitawala, ikaiacha mwaka 1893. Fumo Omari aliendelea kupinga kutoka ngome za Pumwani na Jongeni, nazo zikashambuliwa mwaka huohuo. Mwaka 1895 Waingereza walimweka Omar Madi kuwa sultani wa Witu, mtawala wa chini ya bendera yao. Lile kimbilio la msituni likawa limekwisha.

Je, Simba alikosea wapi? Wako wanaosema kwamba alikuwa mjinga aliyeiuza nchi kwa Wazungu. Sikubaliani nao. Mtu aliyeipima Prussia mwaka 1867 hakuwa mjinga. Aliona kwa usahihi kwamba Unguja inazama na Ujerumani inachomoza, na matukio ya 1885 yalimthibitishia. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba adui wa adui yake amekuwa ndugu yake. Aliujua uadui wake na Barghash kana kwamba ndio mambo yote ya dunia, kumbe kwa Berlin ulikuwa jiwe moja katika bao refu, la kusogezwa au kuliwa kadiri ya mchezo. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba nguo ya kuazima haimsitiri mtu. Bendera ya kuazima ni vivyo hivyo: huvuliwa siku mwenyewe anapoihitaji kwingine.

Na hiyo dola iliyochomoza ikawaje? Ujerumani ilipoteza makoloni yake yote katika Vita Kuu vya Kwanza, vilivyokwisha mwaka 1918. Uingereza, iliyoichoma Witu mwaka 1890 ikiwa katika kilele cha nguvu zake, ilifika mwaka 1959 ikiwa yenyewe ndiyo dola inayozama. Mahali pamoja palipouonyesha ulimwengu kuzama huko palikuwa hapahapa Hola, katika kambi ile. Mto ule uliofanywa mpaka katika karatasi za 1886 ulipita kando ya makaburi ya wale 11. Kwa hiyo, ndugu zangu walimu, 1959 si sura ya kwanza wala haisimami peke yake. Ni mwisho wa kisa ambacho mwanzo wake uko Witu.

Sasa nirudi kwa wanafunzi wangu wawili, ambao leo ni watu wazima. Deni langu kwao ni jibu, na jibu langu ni hili. Kila mmoja wenu alileta darasani nusu ya kweli, na mwalimu wenu akaogopa kuziunganisha. Simba aliokoa watu, na chini ya utawala wake watu waliuzwa. Alikuwa na akili ya kuiona dunia kutoka msituni, na hakuwa na macho ya kumwona mkulima wa mtoni aliyekuwa jirani yake. Naamini kwamba kosa la pili ndilo lililozaa la kwanza. Mtawala ambaye jirani zake wanamwogopa hulazimika kutafuta rafiki wa mbali, na rafiki wa mbali hukupenda kwa kadiri ya haja yake. Lau Witu, wakulima wa Tana, wafugaji na watu wa visiwani wangekuwa kitu kimoja, sisemi kwamba manowari zingeshindwa. Nasema kwamba Simba asingekuwa na sababu ya kuandika barua ya kwanza.

Jambo hili lina uzito kwetu sisi wa Tana kuliko kwa wengine. Tuliyaona mapigano ya delta mwaka 2012, majirani wakiuana, vijiji vikiteketea. Wakati huo nilitambua kwamba nusu ya kweli ikiachwa ikue peke yake kwenye baraza za kila jamii, bila kukutana na nusu yake nyingine darasani, hugeuka kuwa silaha. Mwalimu anayefuta ubao kwa kuogopa kelele haleti amani. Anaahirisha ugomvi, na ugomvi ulioahirishwa hurudi ukiwa na mapanga.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Mnapofundisha kugawanywa kwa Afrika, anzeni kutoka mtoni kabla ya kwenda Berlin. Wapelekeni wanafunzi Witu ikiwezekana, kwani si mbali na Garsen. Wapitisheni Ngao, ambako wamisionari wa Neukirchen kutoka Ujerumani walianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1880, wakabaki hata bendera yao ilipoondoka. Wafikisheni Kipini, wauone Tana ukiingia baharini, na muwaeleze kwamba zamani haukuingilia hapo. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belesoni ili mitumbwi ivuke kutoka Tana hadi Ozi. Mfereji huo ukapanuka hata mto mzima ukahamia humo. Waliochimba walitaka njia ya mtumbwi tu. Simba naye, alipowafungulia wageni mwaka 1885, alitaka msaada dhidi ya Barghash tu.

Na wanafunzi wakiuliza kama alikuwa shujaa, msiwaambie kwamba haliulizwi katika mtihani. Wakalisheni, muwape nusu zote mbili za kweli, kisha muwaache wazipime wao wenyewe.